Chupa Zilizobaki

Baba alipiga kelele kabla hajaguswa. Mama alikuwa ameingia chumbani na beseni la maji ya vuguvugu, taulo begani. Kaka alikwisha kukunja mikono ya shati tayari kumgeuza. Basi Baba, kwa kuwaona tu wakimsogelea, aliachia ukelele ambao ulimfanya jirani wa upande wa pili wa ukuta azime redio.

"Jamani, sijamgusa!" Kaka alisema, mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Na msiniguse. Niacheni na uchafu wangu. Uchafu hauumi."

Dokta, binti yao, alisimama mlangoni, begi la kazini bado begani. Walimwita hivyo tangu utotoni, kwa utani, na utani ulipogeuka kweli jina likabaki palepale. Sasa alikuwa miongoni mwa madaktari vijana waliochaguliwa na hospitali kuu kufunzwa utafiti wa maumivu: namna ya kuyapima, kuyatibu, na kuonyesha kwa ushahidi kwamba tiba imefanya kazi. Kutwa nzima alishinda kwenye darasa la Profesa akijifunza kumuuliza mgonjwa anaumia kiasi gani bila kumwekea maneno mdomoni. Jioni alirudi kwa mtu ambaye hakuhitaji kuulizwa. Hata hivyo alipiga magoti kando ya kitanda, akauliza.

"Baba, kati ya sifuri na kumi. Sifuri ni huumwi kabisa, kumi ni..."

"Namba ya nini tena? Ya simu?"

"Ya maumivu, Baba."

"Andika unayoipenda wewe."

Hata katika hali ile masihara hayakumtoka. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, na nyumba nyingi za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Wateja walimkumbuka kwa domo lake kuliko kwa brashi yake. Sasa kansa iliyoanzia kwenye tezi dume ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya nyonga na ya mgongo. Chali hawezi, ubavu hawezi. Alilala nusunusu, ameegemezwa kwenye mito, kama mzigo ulioshushwa kwa haraka na wenye gari wakaondoka.

Mama alilitua beseni sakafuni. Alimfuta Baba uso na viganja, basi, sehemu zilizokubali kuguswa. Kisha akatoka na maji karibu yote.

Ukumbini Wifi, mke wa Kaka, alikuwa akikunja mashuka. "Samahani, wifi yangu, mimi sikusoma," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini huko mnakofundishwa maumivu, dawa yake hawafundishi?"

"Wanafundisha."

"Basi sisi hatujaiona."

"Acha," Kaka alimwambia mkewe, lakini hakusema kama mtu anayekataza. Akamgeukia dada yake. "Ipo dawa ya hivi?"

"Ipo. Mofini ya maji. Hospitali imeisha."

"Tununue nje. Hela nitaitafuta, hata kama ni kuuza mashine yangu ya kuchomelea."

"Haiuzwi dukani, Kaka. Uza mashine, uza nyumba, hutaipata."

"Hospitali nzima hakuna? Hata tone?"

Dokta alisita. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na Kaka alimjua. "Iliyobaki ni ya utafiti."

"Utafiti wa nani?"

"Wetu," alisema.

Wifi aliacha kukunja mashuka.

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa nyembamba kama yeye mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye nywele, na kila daktari kijana wa darasa lake alijua sifa yake moja: ndiye aliyehangaika na wakubwa miaka na miaka mpaka wakakubali mofini itoke nje ya geti la hospitali. Utafiti wao ulikuwa wa kujibu swali moja tu. Je, mtu wa nyumbani asiye na elimu ya udaktari akifundishwa kupima dawa ile na kumpa mgonjwa wake, ataweza kufanya hivyo salama?

"Baba yako ana vigezo?" Profesa aliuliza.

"Anavyo vyote."

"Basi aje kama wanavyokuja wengine. Mrefu atamsajili, na Mrefu atamtembelea. Wewe hugusi faili lake, humpimi, huandiki neno linalomhusu. Ukifika kwenu wewe ni mtoto wa mgonjwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Profesa."

"Na unajua utafiti una mwisho."

"Najua."

"Yeye je, anajua?"

"Nitamwambia."

Profesa alishusha miwani, akamtazama kwa muda. "Bohari ya hospitali wameniahidi kuwapokea wagonjwa wote siku tutakayomaliza. Wameniahidi mbele ya mkurugenzi." Alisema kama anayejihakikishia mwenyewe.

Dokta alitoka karibu anaruka. Jambo la mwisho wa utafiti alikusudia kumwambia Baba siku ileile. Lakini Mrefu, mwenzake wa darasani, kijana aliyelazimika kuinama kila mlango, alipofika nyumbani na chupa ya kwanza, watu walikuwa na nyuso za sherehe. Mrefu alilisema la mwisho kama ilivyompasa, na Baba alikubali kwa kichwa, kama anavyokubali mtu aliyeshikilia kamba kisimani akiambiwa kwamba kamba ni ya kuazima. Dokta hakuona haja ya kulirudia.

*

Mama alifundishwa kuvuta dawa kwa sirinji isiyo na sindano, kuitazama kwenye mwanga, kumdondoshea Baba ndani ya shavu. Baada ya hapo hakuruhusu mtu mwingine aishike ile sirinji. Aliiosha na kuifunika kama kijiko cha mtoto mchanga.

Kaka ndiye aliyekuwa na wasiwasi. "Hii si ndiyo inayowafanya vijana mateja?"

"Mwache baba yako awe teja," Baba alijibu. "Nimechelewa kuanza, lakini nitajitahidi."

Wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowaambia kwamba dawa imeingia. Siku chache baadaye Baba alioga. Alioga mwili mzima, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akimlaumu Mama kwamba sabuni inamwingia machoni. Alinyolewa ndevu. Alikula, akaomba kuongezewa. Alilala fofofo, na Mama, aliyekuwa amezoea kukesha akimsikiliza akigumia, alishtuka kwa ule ukimya, akamwekea kiganja mbele ya pua kuona kama anapumua.

Halafu akaanza kuwa msumbufu kama zamani. Alitangaza kwamba kuta za chumba chake ni aibu kwa mtu wa kazi yake, na kwamba hakubali kutazama rangi ile iliyopauka mpaka kufa. Kaka na Wifi wakapaka upya, yeye akiwa kwenye kiti mlangoni, akiwaamrisha. "Usikamue brashi kama unakamua ng'ombe! Mkeo huyu ana mkono kuliko wewe. Ulipotea bure kuolewa na mchomelea vyuma, binti yangu, ungekuja kwangu nikufundishe kazi." Wifi alicheka mpaka rangi ikamdondokea kwenye kanga. Jioni ile alimfuata Dokta jikoni, akamwambia, "Yale niliyosema siku ile, wifi, usiyaweke moyoni," na Dokta akasema hata hayakumbuki.

Mrefu alipokuja kupima maendeleo, aliuliza swali lake kama lilivyoandikwa. Sifuri mpaka kumi?

"Mbili," Baba alisema. "Na hiyo mbili ni ya kukutazama wewe juu. Shingo inaniuma. Kaa chini."

Dokta alikuwa chumba cha pili, kama alivyoagizwa. Alisikia namba ile kupitia ukutani, akajifunika uso kwa mikono miwili.

*

Mwisho ulifika kwa njia ya kawaida kabisa. Profesa aliingia darasani, akasema wagonjwa wamekamilika, ziara zimekamilika, kibali kimekwisha, na sasa kila mmoja atafundishwa kuandika matokeo. Matokeo yenyewe yalikuwa mazuri. Watu wa nyumbani wanaweza. Hakuna aliyezidishiwa dawa, hakuna chupa iliyopotea, maumivu yameshuka karibu kwa kila mtu. Mmoja wa wanafunzi alipiga makofi, wengine wakafuata.

Kwenye bohari ya hospitali, unga wa kutengenezea mofini ulikuwa haujafika. Haukuwa umefika mwezi uliopita, na hakuna aliyejua utafika lini. Dokta na Kaka walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mfamasia Mkuu asubuhi nzima. Kila mlango ulipofunguliwa walisimama, na kila mara aliyeitwa alikuwa mwingine. Dokta alikuwa amevaa koti lake jeupe akidhani litasaidia. Mfamasia Mkuu alipotoka hatimaye, alikuwa amekwisha kufunga mlango na funguo ziko mkononi.

"Shikamoo, mzee," Kaka alisema. "Tuna mgonjwa wetu, baba yetu mzazi..."

"Marahaba. Kila mtu ana baba." Alilitazama koti la Dokta. "Wewe si wa kwa Profesa? Ninyi mnapita majumbani mnawalambisha watu asali, halafu mkishapata vyeti vyenu mnatuletea sisi wagonjwa wenye midomo wazi. Nitoe wapi? Nijikamue?"

"Mliahidi kuwapokea, mzee. Mbele ya mkurugenzi."

"Niliahidi unga ukija. Umekuja?" Aliona macho ya Kaka, akalainika kidogo. Alifungua tena mlango, akatoa pakiti ya vidonge vya kawaida vya maumivu. "Mpeni hivi."

Baba alikuwa amevitumia vidonge vile mpaka vikamshinda, kabla ya yote haya. Kaka alivipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Walipofika kwenye ngazi alivitazama, akavitia mfukoni, akasema kwa sauti ya chini, "Umenileta kuomba, na hata ombaomba hufukuzwa kwa adabu kuliko vile."

Chupa ya mwisho, Dokta na Mama waliipunguza taratibu ili mwili wa Baba usishtuke. Baba aliona dawa kwenye sirinji inavyopungua. Kila ilipopungua yeye alipungua naye: akaacha kiti, akaacha chakula, akaacha mzaha. Maumivu yalirudi kama mwenye nyumba aliyekwenda safari, akakuta wapangaji wamejitanua.

Siku moja, Dokta akimbadilishia mto, Baba alimshika kifundo cha mkono.

"Mwanangu. Kwanza nilikuwa nadhani ndivyo ilivyo. Kwamba mtu akifika hapa, ndivyo ilivyo, avumilie. Nilikuwa nimeshazoea." Alisubiri wimbi la maumivu lipite. "Sasa najua sivyo. Bora nisingeonja."

*

Chupa zilikuwepo. Hilo ndilo lililomla Dokta. Utafiti uliagiza dawa ya akiba, na akiba ilibaki, imefungwa kwenye kabati la chuma, pembeni ya chumba chao cha darasa.

Alikwenda kwa Profesa kabla hajavua hata viatu vya mvua. "Tuwape wagonjwa waliokuwa nayo. Tugawe. Si kwa baba yangu tu, kwa wote."

"Niliomba," Profesa alisema. "Niliandika, nikapiga simu, nikaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa waliotoa kibali. Kibali kimekwisha. Dawa iliyobaki inaharibiwa mbele ya mkaguzi."

"Kuna watu wanalia, Profesa."

"Unadhani sijui? Unadhani wewe peke yako ndiye una mtu?" Sauti ilimpanda, akairudisha. "Nisikilize. Kuna wakubwa wanaosubiri chupa moja tu ipotee. Moja. Waseme, si tuliwaambia, dawa hii ikitoka nje inaibiwa. Watafunga, na mimi sina umri wa kuanza upya. Sitaweza kumpa mgonjwa yeyote tena, wala wewe."

Dokta aliitikia. Alielewa. Kuelewa hakukumsaidia kitu.

Kesho yake ilikuwa zamu yake na Mrefu kulikagua kabati. Mrefu alifungua kufuli, akatazama ndani, akasema, "Nakwenda kupokea simu," ingawa simu haikuwa imelia. Akatoka na kuurudisha mlango.

Chupa zilikuwa zimepangwa kwa mistari, ndogondogo, za plastiki. Dokta alichukua moja. Ilikuwa nyepesi, ilikaa kiganjani kama yai. Mfuko wa koti lake ulikuwa mkubwa. Aliwaza Baba akikaa kwenye kiti. Aliwaza Mama akiinua sirinji kwenye mwanga. Kisha akamwaza mkaguzi akisoma idadi, Profesa akisimama mbele ya wakubwa, na jina lake mwenyewe likifutwa mahali lilipoandikwa. Hakujua ni lipi kati ya hayo lililomshika mkono: wagonjwa wa kesho, au kibarua chake. Angependa sana liwe lile la kwanza. Alirudisha chupa mahali pake, akaigeuza ielekee kama zilivyoelekea nyingine.

Mrefu alirudi baada ya kitambo kirefu. Hakutazama kabati. Alitazama uso wa Dokta.

"Nilikaa nje makusudi," alisema.

"Najua."

"Basi?"

Dokta alibonyeza kufuli likafunga.

*

Mkaguzi alikuja mchana wa siku iliyofuata, mtu mcheshi mwenye tai fupi, akaomba apewe kiti karibu na dirisha kwa sababu ya joto. Ndoo iliwekwa katikati ya chumba, ndani yake mchanga na sabuni ya unga, ili dawa ikishamwagwa pasiwe na mtu wa kuirudisha. Wanafunzi wote walitakiwa wawepo.

"Hili nalo ni sehemu ya mafunzo," Profesa alisema. Sauti yake ilikuwa ya darasani, lakini alikuwa akitazama mikono yake. "Mtafiti anajua kufungua kazi, na anajua kuifunga. Nani atamwaga?"

Hakuna aliyejitokeza. Mrefu alipiga hatua moja. Dokta akamtangulia.

Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Labda aliona kwamba chupa zile zikimwagwa na mtu ambaye hajui ni nini kinachomwagwa, itakuwa vibaya zaidi. Alifungua kifuniko, akamimina, akaisuuza chupa kwa maji, akayamimina na maji. Akafungua nyingine. Dawa ilikuwa na harufu ya sukari. Ilizama mchangani bila sauti, sabuni ikatoa povu jepesi. Mrefu alisimama nyuma yake akisoma namba za chupa, na kila aliposoma sauti yake ilizidi kuwa ndogo, mpaka mkaguzi akasema, "Kijana, paza sauti, mimi si malaika."

Alipomaliza, mkaguzi alisimama akatazama ndani ya ndoo, akakoroga kwa kijiti. "Safi sana. Laiti vitengo vyote vingekuwa na nidhamu hii." Akampa Dokta mkono. Dokta aliupokea, vidole vyake vikiwa vinanata.

Profesa alibaki amekaa hata wengine walipotoka. Dokta alipopita mlangoni alimsikia akisema, "Pole, mwanangu." Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Dokta hakugeuka.

*

Nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mlango wa chumba cha Baba ulikuwa wazi. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, hajabadilisha hata nguo za kazi, mkono wa Baba kwenye mkono wake, na pale Baba alipombana, vidole vya Kaka vilikuwa vimebadilika rangi. Mgongoni pa Baba kidonda kilikuwa kimeanza. Ilibidi ageuzwe.

"Ndiye?" Baba aliuliza. Alikuwa amefumba macho.

"Ni mimi, Baba. Shikamoo."

Hakuitikia salamu. "Ile dawa," alisema, na akatulia kati ya maneno kama mtu anayepanda ngazi na ndoo mkononi. "Niambie kweli. Imekwisha kweli? Au ipo, ila si ya watu kama sisi?"

Kaka aliinua kichwa, akamtazama dada yake.

Asubuhi ya siku ileile jibu hili lingekuwa uongo.

"Imekwisha, Baba," Dokta alisema. "Yote. Hakuna hata tone."

"Basi," Baba alisema, na uso wake ukalegea kidogo, kidogo tu. "Kama imekwisha, imekwisha. Ningejua ipo mahali, ningewachukia watu."

Kaka alisimama, akashika upande wa nyonga. Dokta akaweka begi chini, akapitisha mikono chini ya mabega ya baba yake, kama alivyofundishwa, taratibu, mgongo wote kwa pamoja. Haikusaidia. Jirani alizima redio. Wifi alitoka nje na watoto, akaenda nao mbali mpaka mwisho wa mtaa.

Baba hakufa wiki ile, wala iliyofuata. Moyo wake ulikuwa mzima, moyo wa mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote, nao ulipiga kazi yake bila kujali mengine. Sauti ndiyo iliyokatika kwanza. Wageni wakapungua, waliofika walisimama mlangoni, wakaacha matunda, wakasingizia haraka. Hospitalini Dokta aliandika sura yake ya matokeo, na Profesa hakuirudisha na sahihisho hata moja.

Jioni moja Dokta alimkuta Mama jikoni, amempa mgongo, viganja vimefunguka. Tangu ugonjwa uanze Mama alikuwa akimwombea mumewe uzima. Safari hii aliomba jingine. Aliomba wazi, bila kuzunguka, akimwombea mtu aliyezaa naye watoto na kuzeeka naye, kwamba achukuliwe, na achukuliwe leo.

Alipogeuka akamwona mwanawe mlangoni, na aibu ikamjaa usoni.

Dokta alisogea, akasimama karibu naye.

"Amina," alisema.